Mshono wa Gunia

Sakafu ya saruji haina huruma na magoti ya mtu mzima. Shazia alikuja na kipande cha godoro alichokikata kwenye godoro lake la kulalia, akapiga magoti juu yake, na kila aliposogea kushona alikiburuta. Wenzake walimcheka. "Mwenzetu kaja na zulia lake," alisema Mama Mkaa. Haikupita wiki nao wakaja na vyao. Mama Mkaa alileta gunia lililokunjwa, vumbi la mkaa bado limo, akafukuzwa nalo kwa sababu lingechafua kazi. Akapiga magoti makavu, huku anawatukana mababu wa watu kimoyomoyo.

Shazia halikuwa jina lake la kuzaliwa. Shazia ni ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na yeye alishona midomo ya magunia ya unga kiwandani tangu usichana wake mpaka walipoleta mashine, wakawaambia wanawake asanteni, kwaherini. Siku hiyo ya mwisho wenzake walitoka wanalia. Yeye alitoka na sindano yao ndani ya kilemba. Huyo ndiye Shazia, na mtu akikwambia alikuwa mpole, mwambie hakumjua.

Kitambaa walichokuwa wakikishona kilijaa ukumbi. Zilikuwa nguo za mtaa: shati la fundi baiskeli lenye madoa ya grisi, sare za shule za watoto wa kinyozi, shuka ambalo mkunga alipokelea nusu ya vijana wa pale, ovaroli la mtu aliyeanguka kutoka ghorofani akijenga majumba ya wenzake. Zilikuwa zimeshonwa katika mapande matatu makubwa, na sasa ilibaki kuyaunganisha, moja chini ya jingine, ili yaning'inie kutoka dari ya juu hadi karibu na vichwa vya watu. Katikati ya pande la pili palikuwa na gauni dogo la manjano lenye mfuko mmoja kifuani. Gauni hilo lilikuwa la Chiriku.

Chiriku alikuwa mwanawe, na jina hilo alipewa kwa mdomo wake. Mtoto alikuwa na maswali mpaka mtu mzima anaomba maji. Mtaa ulikuwa hapa hapa, chini ya magoti ya Shazia, na tingatinga zilikuja msimu wa mvua, maana wenye tingatinga nao wana kalenda yao. Chiriku alikuwa amevaa gauni hilo asubuhi ile. Alisimama mbele ya mtambo, akamwuliza dereva, "Mjomba, ukimaliza utatujengea nyingine?" Dereva alitazama pembeni. Walioondolewa walilala chini ya maturubai kando ya barabara, kifua kikambana mtoto, hospitali wakasema kitanda hakuna, mrudishe kesho. Kesho hakukuwa na wa kurudishwa.

Kisha ikajengwa hoteli.

Na hoteli yenyewe ilijiita Ujirani. Sikiliza vizuri, usije ukadhani nakutania. Mabati ya watu wa mtaa yaliyobomolewa yaliokotwa, yakapigwa vanishi kutu yake isibanduke, yakawa dari ya baa ya juu. Sufuria zao zilitobolewa matundu, zikatiwa taa. Milango yao ililazwa, ikawekewa vioo, ikawa meza za kulia. Ukutani pa mapokezi waliandika kwa herufi kubwa: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Vyumba havikuwa na namba, vilikuwa na majina ya kazi za watu wa mtaa, na kimoja kiliitwa Chumba cha Mama Mkaa, kina picha yake kubwa juu ya kitanda, amecheka, meno yote nje. Mama Mkaa mwenyewe aliwahi kukiona mara moja, alipopelekwa kupigwa picha nyingine mbele ya picha yake. Aliketi kidogo tu kwenye kile kitanda, mlinzi akamwambia inuka mama, shuka hizo za wageni.

Aliyebuni yote haya alikuwa msanifu wa hoteli, dada mmoja mwenye sauti ya chini na miwani ya duara iliyomjaa uso. Wanawake walimwita Miwani. Alikuwa na tabia ya kumkumbatia mtu kabla hajamwomba kitu. Alipokuja kwenye maturubai, alikumbatia watu siku nzima. Akasema anataka kila nyumba itoe nguo yenye kumbukumbu. Akasema ukumbi ule mkubwa wa chini utakuwa wa wanawake wa mtaa: watawekewa cherehani, watashona na kuuza, ufunguo watashika wao, na kitambaa cha kumbukumbu zao kitaning'inia juu ya vichwa vyao kila siku wakiwa kazini.

Shazia alilitoa gauni kwa ajili ya ufunguo ule. Asingelitoa kwa kitu kingine chochote. Alijipigia hesabu yake ya mama: atakuwa anashona na mwanawe yuko juu yake, anamchungulia, mpaka uzee umkute hapo. Ndani ya mfuko mlikuwa na mchanga wa mtaani, mtoto alipenda kuuchota akauweka, Mungu ajuaye kwa nini. Shazia hakuukung'uta. Aliushona mfuko na mchanga wake.

Sasa siku hiyo, magoti yao yakiwa yamekufa ganzi, mafundi seremala waliingia wakihema na kitu kirefu kilichofunikwa blanketi. Walikitua katikati ya ukumbi, wakakifunua. Ilikuwa kaunta, ya mbao nyeusi ing'aayo, ina mahali pa kutundikia glasi.

"Hii ya nini?" Shazia aliuliza.

"Ya baa ya mvinyo," seremala alijibu.

"Baa iko juu."

"Ile ya bia, mama. Hii ya mvinyo." Akaanza kupima sakafu kwa futi, akasimama mbele ya kipande cha godoro. "Samahani, hapo ndipo inapokaa."

Wanawake waliacha kushona. Shazia aliinuka, magoti yakilia, akaenda kumtafuta Miwani. Alimkuta kwenye korido anaelekeza mtu namna ya kutundika mafagio ya mtaani ukutani, yakae kama yametupwa lakini yasionekane yametupwa.

"Mama yangu!" Miwani alisema, akamkumbatia. "Kazi inakwendaje?"

"Cherehani zitakaa wapi?"

"Ah." Miwani alivua miwani, akaifuta. "Mpango umebadilika kidogo. Wenye mtaji wanaona ukumbi ule unahitaji kujilipia. Lakini hamjasahaulika. Kila Jumamosi asubuhi mtaruhusiwa kupanga vitu vyenu kule nyuma, kwenye maegesho. Kutakuwa na turubai zuri tu."

"Turubai," Shazia alisema.

"Zuri. La rangi."

"Dada, turubai tumeshalala."

Miwani alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Mikono ilikuwa laini, ina baridi. "Naelewa uchungu wako. Naubeba kabisa. Ndiyo maana kitambaa hiki ni muhimu kwangu."

"Basi nipe gauni langu. Wengine wabaki na kitambaa chao, mimi nifumulie langu."

"Haliwezekani hilo, mama. Mlitoa wenyewe, sasa ni mali ya hoteli. Na lile gauni ndilo moyo wa kazi yote, jicho la mtu likiingia tu linakwenda pale. Ukilitoa, nitakuwa na nini? Nguo kuukuu tu." Akatabasamu. "Ufunguzi umekaribia. Mtaunganisha leo?"

Akufukuzaye hakwambii toka. Moyo wa Shazia uliwaka moto ambao hakuuhisi hata siku ya tingatinga, kwa sababu siku ile alikuwa na mtoto wa kubeba. Alitaka kumrarua uso. Alitaka kuikanyaga ile miwani mpaka iwe unga. Badala yake akasema, kwa adabu zote, "Tutaunganisha, dada. Nitaunganisha mwenyewe."

Alirudi ukumbini, akaomba uzi mnene, akachomoa shazia kilembani. Pande la tatu aliwaachia wenzake walishone kwenye la pili kwa mshono wa kweli, mshono wa kwenda na kurudi. Ila ule wa juu, uliolishikiza pande la pili kwenye la kwanza, wenye uzito wote chini yake, aliushona yeye peke yake, na akaushona kama gunia.

Mtu yeyote aliyewahi kufungua gunia la unga anaujua mshono ule. Ni mnyororo, kila kitanzi kimeshika mwenzake. Unabeba uzito wa gunia zima, linatupwa garini, linakanyagwa, haufumuki. Lakini una ncha mbili. Ukivuta ya kushoto, unakaza, utavuta mpaka kucha zikung'oke. Ukivuta ya kulia, unafumuka wote mara moja, prrrr, kama mtu aliyepasua nguo mpya, na gunia linabaki mdomo wazi. Ncha zote mbili Shazia aliziacha ndefu, akazipitisha nyuma ya kitambaa zishukie upande mmoja.

Mama Mkaa alikuja akainama, akatazama. Mwanamke aliyeishi na magunia hahitaji kuelezwa.

"We mwanamke," alinong'ona. "Unajua unachokifanya?"

"Nashona."

"Kitawaangukia vichwani."

"Vichwa si vyao?"

Mama Mkaa aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika mpaka machozi yakamtoka. Alicheka kwa raha iliyokuwa imempotea tangu mtaa uvunjwe. "Basi vuta wakiwa na glasi mkononi," alisema. "Tafadhali. Nifanyie hilo tu."

Siku ya ufunguzi wanawake wa mtaa walialikwa kuja kuimba. Walipewa sare za rangi moja na kuelekezwa mlango wa jikoni. Mlangoni alisimama shemeji yake Shazia, mdogo wa marehemu mumewe, ndani ya suti ya ulinzi iliyomzidi mabega. Baba mdogo wa Chiriku huyo. Ndiye aliyembeba mtoto mgongoni kwenda hospitali kwenye ile mvua, na ndiye aliyembeba kurudi. Hoteli ilimwajiri kwa sababu ilitaka kusema imeajiri watu wa mtaa.

"Shemeji, fungua mkoba," alisema bila kumtazama usoni.

"Unanipekua mimi?"

"Wote wanapekuliwa."

"Na wale?" Shazia alionyesha kwa kidevu mlango wa mbele, magari yakishusha watu.

"Shemeji, nakuomba. Nina watoto. Leo usiniharibie." Alimjua, ndiyo maana.

"Sina hata kisu," alisema Shazia. Akampa mkoba, akapita.

Ukumbini palikuwa na harufu ya maua na rangi mbichi. Jua la jioni liliingia kwa madirisha marefu na kukipiga kitambaa, na lazima ukweli usemwe, kilipendeza. Gauni la manjano liliwaka katikati yake. Wageni walisimama chini wakilitazama, glasi mkononi, vichwa wamevipinda upande kama kuku aliyeona mdudu. Wanawake waliwekwa nyuma ya kamba, pembeni ya kaunta. Shazia alikuwa ameomba akae mwisho kabisa, karibu na ukuta, kwa kisingizio cha mguu mbovu, na nyuma yake ncha mbili za uzi zilining'inia. Alikuwa na mpango mmoja tu. Kitambaa kikishuka, wao wakipiga mayowe, yeye atarukia pande la pili, alirarue gauni kwa meno ikibidi, na apite mlango wa mbele nalo.

Mwenye hoteli alihutubia. Alikuwa mzee mnene mwenye upole wa watu walioshiba. Alisema hoteli nyingine zinajengwa kwa saruji, hii imejengwa kwa watu. Neno hilo lilishangiliwa. Alisema hakuna aliyeondolewa hapa, watu wamegeuka kuwa sanaa. Likashangiliwa zaidi. "Tunyanyue glasi," alisema, "kwa majirani zetu."

Shazia aliwatazama wakinyanyua. Akasikia Mama Mkaa anavuta pumzi. Akaishika ncha ya kulia, akaivuta.

Prrrr. Sauti ilikimbia kutoka ukuta hadi ukuta, watu wakatazama juu, na kitambaa kikashuka, mapande mawili ya chini kwa pamoja, na vumbi lake, na vifungo vyake, na zipu zake, kikawafunika wenye suti na wenye visigino virefu. Glasi zilivunjika. Mwenye hoteli alipotea kabisa, ukaonekana mkono wake tu chini ya shuka la mkunga, bado umeshika glasi. Kwa muda mfupi Shazia alikuwa na furaha ambayo sijui niipe jina gani. Ilikuwa furaha chungu, ya mtu aliyengoja sana.

Alivuka kamba, akapiga magoti, akalishika gauni. "La mwanangu!" alipiga kelele. "Mlimuua, mkamtundika! Nipeni la mwanangu!"

Na hapo mtu mmoja akapiga makofi.

Alikuwa mgeni wa mbele, amejitoa kichwa kwenye tundu la sweta la shule, macho yamemtoka, analia. Akapiga makofi mwenzake. Kisha ukumbi wote. Waliokuwa bado chini ya nguo walipiga makofi huko huko chini. Mwenye hoteli alifukuliwa, nywele zimesimama, akatazama huku na huku, akaona watu wanalia kwa furaha, naye akaanza kupiga makofi. Shazia alizidi kupiga kelele, na kila alipopiga kelele, wao walizidisha. Miwani alikuwa ameganda karibu na kaunta, uso mweupe kama majivu. Lakini msomi wa watu hafi maji. Alishika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana," alisema, "mmeshuhudia onyesho letu, Bomoa. Kazi ya pamoja, ya mimi na mama zetu."

"Mwongo!" alisema Mama Mkaa. Walimpigia makofi naye.

Meno ya Shazia yalikuwa yameshafika kwenye pindo la gauni pale Meneja wa hoteli alipomwashiria mlinzi kwa kidole. Shemeji mtu akaja. Aliinama, akasema chini kwa chini, "Achia, shemeji." Yeye akazidi kung'ang'ania. "Achia, shemeji, wananitazama." Akamfungua vidole kimoja kimoja, kama mtu anayemnyang'anya mtoto mwiko wa moto, huku midomo imemkaza. Alipomaliza alikikunja kitambaa kwa adabu, akaondoka nacho. Alikuwa na kazi bado.

Kesho yake Meneja alimwita ofisini. Shazia alikwenda amevaa nguo ya kwenda jela. Meneja alimwonyesha kiti, kilichotengenezwa kwa kasha la soda la dukani kwao, kimetiwa mto.

"Unajua ningeweza kukupeleka polisi," Meneja alisema. "Uharibifu wa mali. Watu wawili wameumia na vioo."

"Nipeleke."

"Mama, kwa nini twende huko? Wewe hujui umefanya nini. Simu hazijakoma tangu jana. Kila mtu anauliza, lini tena?" Alisogeza kiti. "Kila Ijumaa jioni. Unakishona, unakivuta. Kelele ukipenda piga, usipopenda usipige, ingawa zile kelele zilikuwa nzuri. Utapewa ujira. Na jina lako tutaliweka chini ya la dada msanifu, kwa maandishi madogo ya heshima."

"Nataka gauni."

"Gauni ndilo maonyesho yenyewe." Mtu huyu hakuwa mjinga. "Lakini fikiria hivi. Siku ya kushona, ukumbi mtupu, hakuna mgeni. Utakuwa nalo mapajani asubuhi nzima. Ukikataa, tutamwita fundi mwingine, na wewe mlango wa hoteli hutaukanyaga. Shemeji yako mwenyewe ndiye atakayekuzuia."

Mtego ulikuwa mzuri. Shazia aliona kila kamba yake, akauingia macho wazi.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi asubuhi alikaa kwenye sakafu ya baa ya mvinyo, miguu ameinyoosha, kitambaa kimemfunika mpaka kiunoni, na kabla ya kutia shazia aliweka gauni mapajani. Aliubonyeza ule mfuko, mchanga ukalia ndani. Wakati mwingine alizungumza nalo. Kila Ijumaa alivuta, kitambaa kikaanguka, watu wakapiga mayowe waliyokuwa wameyapanga tangu walipokata tiketi. Mama Mkaa aliacha kumsalimia. "Nilidhani umewaangushia," alimwambia njiani. "Kumbe umewatandikia."

Halafu Jumamosi moja alifika, akaweka gauni mapajani, akabonyeza mfuko, usilie. Akabonyeza tena. Akalinusa. Lilinukia sabuni ya maua. Mshono wa mfuko ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya kwa mashine, vizuri sana.

Alimkuta Miwani kwenye korido ile ile. "Mmelifua."

"Wageni walilalamika vumbi, mama. Tulipeleka kitambaa chote kwa dobi, dobi mzuri kabisa." Miwani alimnyooshea mikono kumkumbatia. "Kulikuwa na uchafu kwenye mfuko, wakautoa."

Shazia alirudi nyuma, mikono ile ikakumbatia hewa. Alirudi ukumbini, akapiga magoti, akashona kama kawaida. Mchana Meneja alipita kumwambia kuwa Ijumaa ijayo kuna mabadiliko madogo. Mgeni mmoja mkubwa amekodi ukumbi kwa siku ya kuzaliwa ya binti yake, na mtoto ataruhusiwa kuvuta uzi mwenyewe. Ncha ifungwe utepe mwekundu, imteremkie mbele, aione. "Sawa," alisema Shazia, na akafunga utepe. Aliufunga vizuri, kwa fundo zuri, kwenye ncha ya kushoto.

Ijumaa ilifika. Mtoto mwenyewe alikuwa na umri ambao Shazia aliutambua kwa kutazama magoti tu, magoti yale yenye makovu ya kuanguka. Alikuwa na mdomo. Alimwuliza Meneja kwa nini meza ni mlango, akamwuliza mhudumu kama sufuria ile ikitolewa taa itapika, akawachosha wote kabla ya keki. Shazia alisimama ukutani mahali pake, mikono nyuma, na alijilazimisha kutazama kwingine.

Watu walihesabu kwa pamoja. Mtoto akavuta utepe. Kitambaa kikatikisika, hakikushuka. Akavuta tena, akaning'inia kwa uzito wake wote, miguu hewani, watu wakacheka. Baba yake akaja, akavua koti, akavuta. Mishipa ilimtoka shingoni. Rafiki zake wakamsaidia, wakajipanga kama wavuta kamba, wakavuta kwa hesabu, na kadiri walivyovuta ndivyo mshono ulivyokaza, na gauni la manjano likabaki juu pale pale, halitingishiki. Uzi ulimkata baba kiganja. Alitazama damu yake kama kitu alichotumiwa kimakosa.

Nyuma ya Shazia ncha ya kulia ilining'inia, nyepesi. Aliishika. Alijua vizuri hali yake ilivyo. Akiivuta, anawapa walichokilipia, na kesho asubuhi atakuwa na gauni mapajani, lisilo na mchanga, lenye harufu ya maua. Asipoivuta, atafukuzwa, gauni litakaa juu huko, na hataligusa tena maisha yake yote.

Meneja alikuwa anatabasamu kwa meno tu. "Fundi," alisema, "mwonyeshe mtoto upande wa kuvuta."

Mtoto alimjia mwenyewe, anapuliza viganja vilivyokuwa vyekundu. Alisimama mbele yake, akainua uso.

"Shangazi, lile gauni la manjano ni la nani?"

"La mtoto mmoja," Shazia alisema. "Alikuwa anauliza kama wewe."

"Mbona haji kulichukua?"

Watu walicheka kwa upole, simu wamezinyanyua, walidhani imo kwenye maonyesho. Mlangoni shemeji yake aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake vya hoteli. Shazia alifungua mdomo. Mtoto alingoja, maana aliuliza kweli, alitaka kujua.

Mtu mmoja huko nyuma alichoka kungoja, akaanza kupiga makofi ya kumhimiza. Wakamfuata wengine, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, kwa pamoja, sakafu ikawa inatetemeka. Nyuma ya mgongo wake Shazia alikuwa ameizungusha ncha ya kulia kwenye kidole, akaizungusha na kuizungusha mpaka damu ikakatika na kidole kikawa cheusi, na bado hakuwa amevuta.